Hasira za MS Zibebwe na Nani?

MLEZI: Ugonjwa ulianza miguuni. Mke alijikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka kumi, ndoo ikamponyoka, akasema mguu umekufa ganzi. Nyumba ililielewa hilo. Watoto wakagawana safari za kisimani, ndugu wakaja kupalilia kibanja. Sasa ni mwaka wa pili na mguu umekoma kuwa habari. Habari ni ulimi. Chumvi ikizidi kwenye ndizi, sufuria inasukumwa hadi uani. Mtoto akichelewa kidogo anatukanwa matusi ya watu wazima. Mlezi akiuliza kulikoni, kila mwenye koti jeupe anamjibu: vumilia, ni ugonjwa.

Basi swali la walezi ndilo hili. Ugonjwa wa miguu umepanda lini ulimini? Na kama kila neno chafu lina cheti cha hospitali, ndani ya nyumba hiyo nani bado anawajibika kwa kauli yake?

MUUGUZI: Haukupanda, kaka. Ulikuwa juu tangu siku ya kwanza. Katika maltipo sklerosisi, MS kwa ufupi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Inachokishambulia ni mayelini, utando unaozifunika nyuzi za fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Fundi umeme yeyote wa Kayanga, wilayani Karagwe, analijua tatizo hili: waya ukichubuka, taa hufifia, huzimika, au huwaka bila kuguswa. Dalili hutegemea mahali palipochubuka. Kwenye uti wa mgongo, mguu unakuwa mzito. Kwenye mshipa wa jicho, macho yanaingia ukungu. Katika sehemu za ubongo zinazozuia neno lisitoke kabla ya kufikiriwa, linalolegea ni breki.

Hili halikugunduliwa jana. Mfaransa Jean-Martin Charcot, aliyeueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, hakuishia kwenye miguu ya wagonjwa wake. Aliandika pia juu ya kumbukumbu na hisia zao. Takriban nusu ya wenye MS hupatwa na sonona wakati mmoja wa maisha yao. Na sonona haiji na machozi peke yake. Mara nyingi huja na kununa, kukosa usingizi na kuwaka ghafla kwa jambo dogo.

MLEZI: Breki iliyokatika haichagui abiria, sista. Mchungaji akibisha hodi, sauti inalainika, anakaribishwa kiti, anaulizwa hali ya mama mchungaji. Akishavuka mgomba wa mwisho, moto unarudi. Kama ubongo umechubuka, mbona unajua nani wa kuheshimiwa na nani wa kutukanwa?

MUUGUZI: Kwa sababu heshima hiyo ina bei yake. Wagonjwa wapatao wanne kati ya watano wa MS huishi na uchovu usiofanana na ule wa kulima. Mtu anaamka nao kama vile hakulala. Simu yenye chaji asilimia tano inaweza kupiga simu moja muhimu, kisha inazima. Mgonjwa hujikusanya kwa ajili ya mgeni, anatumia akiba yote ya siku, na mgeni akiondoka, wanaobaki kumkuta mtupu ni watu wa nyumbani. Wanaumia wao kwa kuwa ndio waliopo, na kwa kuwa mbele yao haogopi kufukuzwa.

MLEZI: Maelezo mazuri. Lakini yanaegemea jina la ugonjwa, na jina lenyewe lina utata. Atlasi ya MS ya mwaka 2020 ilihesabu wagonjwa milioni 2.8 duniani. Ulaya, 133 katika kila watu 100,000. Afrika, 5. Kayanga iko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na kila mwaka vitabu vinarudia kwamba ugonjwa huu hupungua mtu anapoikaribia ikweta. Sasa familia ya Kaisho au Nkwenda inaambiwa mtu wao ana ugonjwa wa Wazungu, na kwa ugonjwa huo wameze matusi. Je, isiulize kama jina limekosewa?

MUUGUZI: Iulize. Ina haki hiyo. Miguu dhaifu na moyo uliobadilika vinaweza kutokana na kifua kikuu cha uti wa mgongo, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, upungufu wa vitamini B12, hata kichocho kilichoingia kwenye uti. Kule Tarime mwaka 1985 watu walipooza miguu, na chanzo kilikuwa konzo, sumu ya mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri. Upo pia ugonjwa unaofanana sana na MS, nyuromayelitisi optika, unaoshambulia macho na uti wa mgongo. Baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Kwa hiyo kukosea jina kunaweza kumgharimu mtu macho yake.

Lakini hiyo tano ya Afrika tuisome vizuri. Sensa ya 2012, mwaka uleule Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, ilihesabu zaidi ya watu 650,000 katika wilaya hizi mbili. Hata kwa kiwango hicho kidogo, tungetarajia wagonjwa thelathini na kitu kati ya mto Kagera na milima ya Nyaishozi. Wanaoingia kwenye hesabu ni wale tu waliofika kwenye mashine ya MRI na kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Mtu atoke Kaisho hadi Omurushaka, Omurushaka hadi Bukoba, avuke kwenda Bugando kule Mwanza, pengine aishie Muhimbili. Asiyekuwa na nauli hahesabiwi.

Na ikweta si ukuta. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopitia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani wapatao milioni 10: hatari ya kupata MS ilipanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo, karibu kila mtu mzima duniani anavyo, wa Karagwe na wa Copenhagen vilevile. Kwa nini wachache tu miongoni mwa walioambukizwa huugua, hapo ndipo jua, vitamini D na urithi vinapoingia.

MLEZI: Basi familia isubiri jina kwanza, ndipo isamehe.

MUUGUZI: Wakati inasubiri, itampa mgonjwa jina lake yenyewe. Kagera inalijua hilo kuliko mkoa wowote. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapewa jina la kitabibu, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Nguo ikageuka ugonjwa, aliyeivaa akageuka mtuhumiwa. Jina la mtaani halikai bure. Linatafuta wa kumvisha. Mwanamke mwenye MS asiye na cheti hupewa yaliyopo: amerogwa, ana mapepo, ana kiburi, amechoka na ndoa.

Na si huku tu. Mwingereza Jacqueline du Pré alikuwa miongoni mwa wapiga chelo wakubwa wa karne iliyopita. Vidole vyake vilipoanza kupoteza hisia mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliambiwa ni msongo wa mawazo. Ugonjwa ulitajwa Oktoba 1973. Miaka ile ya katikati aliishi akidhani tatizo ni yeye mwenyewe. Alikuwa London, na madaktari mlangoni.

MWALIMU MWENYE MS: Mnamjadili mgonjwa kama mgomba ulioingiwa na mnyauko, mmoja anasema ukatwe, mwingine anasema uachwe. Mgonjwa anasikia. Naomba nafasi.

Mlezi anauliza kama hasira hizi ni ugonjwa au ni tabia. Muuguzi anajibu ni ugonjwa. Wote wawili wanazungumza kana kwamba hasira ni moja. Mwenye MS akizihesabu, anakuta si chini ya tano. Ipo ya joto na uchovu, inayokuja saa nane mchana na kuondoka jua likishuka. Ipo ya sonona, inayokaa wiki nzima na kuufanya hata wimbo wa watoto uwe kelele. Ipo ya dawa. Kipo kilio au kicheko kinachotoka bila kuitwa, msibani mtu anacheka na moyoni analia. Madaktari wamekiona kwa karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi.

Na ipo ya tano, ambayo haijatajwa na mtu hapa. Kahawa ya kibanja ambacho mwanamke amekipalilia miaka kumi na miwili inauzwa kwa butura ikiwa bado maua. Hakuulizwa, kwa sababu anaumwa. Fedha imepokelewa, nusu imeishia kwenye pombe ya lubisi. Akipaza sauti, mume anamtazama kwa huruma na kusema: umemeza dawa leo?

Hasira hiyo haina kidonda chochote kwenye ubongo. Hasira hiyo ni ya haki. Na kila mara watu wema wanaposema "ni ugonjwa huo, msimjali", wanamnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani kusikilizwa anaposema amedhulumiwa.

MUUGUZI: Hapo mwalimu amenigusa. Wauguzi husema "msimjali maneno yake" kwa nia ya kumkinga.

MWALIMU MWENYE MS: Humkinga na matusi. Humuacha wazi kwa kila kitu kingine.

MLEZI: Butura ni kosa, na mwanamume aliyeifanya akajificha nyuma ya ugonjwa wa mkewe hana wakili hapa. Lakini mwalimu anampa mlezi mtihani asioweza kuufaulu. Saa mbili usiku, watoto hawajala, kuni mbichi, maharage hayajaiva, na chumbani kunatoka sauti. Mlezi asimame mlangoni apime: hii ni ya joto, hii ya sonona, hii ya dawa, hii ya haki? Amelala kwa saa nne tu, kwa kuwa mgonjwa huamka kwenda chooni mara tatu na hawezi kwenda peke yake. Amelima, amepika, amefua. Yeye naye ana hasira, na yeye hana hata moja yenye jina la kitabibu.

Atlasi hiyohiyo inasema MS hugunduliwa kwa wastani katika umri wa miaka 32, na wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume. Maana yake ni kina mama wenye watoto wadogo. Kila mgonjwa mmoja anayehesabiwa ana nyumba nzima nyuma yake isiyohesabiwa.

MUUGUZI: Ndiyo maana kazi hiyo ya kupambanua haifai kufanywa saa mbili usiku. Inafanywa kwa daftari, kidogo kidogo, kwa wiki mbili tatu. Daftari la shule la kurasa arobaini linatosha. Saa hasira ilipokuja. Alilala vipi. Kulikuwa na jua kiasi gani, alikuwa ameanika kahawa au amekaa kivulini. Alikula lini. Maumivu. Haja ndogo ilimsumbua? Dawa gani mpya. Nini kilisemwa kabla.

Mwishoni picha inajichora. Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa wake yalivyofifia baada ya mazoezi yanayoupasha mwili joto. Joto kidogo tu huzidisha dalili za waya uliochubuka, na likishuka dalili hupungua. Daftari likionyesha kwamba vurugu nyingi ziko kati ya saa sita na saa tisa, dawa ya kwanza iko ndani ya nyumba: kazi za shamba zifanyike alfajiri, na Karagwe ya milimani ina alfajiri za baridi kweli, mchana kivuli, maji, kitambaa kibichi shingoni. Likionyesha kwamba usingizi unakatwa na kibofu, kitibiwe kibofu. Yako matusi mengi ambayo mzizi wake ni njia ya mkojo iliyopata maambukizi.

Na likionyesha kwamba yote yalianza Jumatano, tutazame Jumatatu alimeza nini. Ugonjwa ukifumuka ghafla, mgonjwa huweza kupewa steroidi ya kiwango kikubwa, gramu moja ya methiliprednisoloni kwa siku, siku tatu hadi tano. Inaharakisha kupona kwa macho na miguu. Pia inaondoa usingizi, inampandisha mtu juu kisha inamwangusha, inamfanya aongee kwa kasi na kuchokozeka. Nyumba iambiwe hilo kabla sindano haijachomwa. Na wale wanaotumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu wasiviache ghafla kwa sababu vimewafanya wakali. Kuviacha ghafla kunaweza kuhatarisha maisha.

MLEZI: Daftari hilo litageuka faili la polisi, sista. Tarehe fulani, saa fulani, mtuhumiwa alirusha kikombe. Siku ya kikao cha ukoo litafunguliwa na kusomwa mbele ya mashemeji, ukurasa kwa ukurasa, mpaka iamuliwe arudi kwao.

MWALIMU MWENYE MS: Atakayeandika ndiye atakayeamua ni daftari gani. Likiandikwa na mgonjwa, ni dawa. Mkono ukikataa kalamu, anamtamkia mtoto anayemwamini, au anaweka mawe kwenye kopo: jeupe siku njema, jeusi siku mbaya. Likiandikwa na mtu mwingine gizani, ni shitaka. Liwekwe mahali wote wanapoliona. Na liwe na safu ya mlezi. Yeye alilala saa ngapi? Yeye alimfokea nani?

MLEZI: Sawa. Tuseme daftari limeonyesha kwamba ni joto. Mtoto wa miaka sita aliyeitwa mjinga mbele ya wenzake afanywe nini, asomewe daftari?

MWALIMU MWENYE MS: Aombwe radhi.

MUUGUZI: Hapo nitapinga, mwalimu. Mtu akilia bila kutaka, kwa sababu ubongo wake umelia, hana cha kuomba radhi. Akicheka msibani, hana kosa. Tukimfundisha mgonjwa kuomba radhi kwa kila dalili, tunamwongezea mzigo wa hatia, na hatia ndiyo chakula cha sonona. Wenye MS wana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kujiua. Yule anayejiona mzigo kwa watoto wake hahitaji tumkumbushe kwamba amewakosea.

MWALIMU MWENYE MS: Kwa kicheko na kilio, nakubali, anaeleza tu, haombi radhi. Lakini neno lililomkata mtoto ni jambo jingine. Chanzo cha neno kiko kwenye ubongo wa mama. Jeraha liko kwa mtoto. Mtu akikukanyaga kwa sababu mguu wake umekufa ganzi, hujasema ni mwovu, lakini kidole chako kimeumia na anasema "samahani". Mwenye MS anajua kusema samahani kwa mguu. Kwa nini asiijue kwa ulimi? Anayemwondolea mgonjwa wajibu huo kwa upole anamtoa kwenye orodha ya watu wazima. Leo hawajibiki kwa kauli, kesho hasaini karatasi, keshokutwa kahawa inauzwa.

MUUGUZI: Na yule ambaye leo hana nguvu hata ya kuinua kope, tumdai?

MWALIMU MWENYE MS: Tusimdai leo. Tumwachie nafasi ya kuja nayo mwenyewe, Jumamosi au wiki ijayo. Lakini tusimfungie mlango huo kwa kusema hauhitajiki.

MLEZI: Huyu mwalimu amesema kile ambacho walezi hawathubutu kukisema. Na kuna mstari mwingine unaofaa kuchorwa wazi. Maneno yanavumilika, mkono hauvumiliki. Mtoto aliyepigwa mwiko hana namna ya kujua kama mkono ulikuwa wa mama au wa ugonjwa. Siku hiyo mtoto aondolewe kwanza, mengine yafuate.

MWALIMU MWENYE MS: Mstari huo uchorwe. Na uchorwe pande zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Haikuandika "isipokuwa mwenzi mgonjwa amezidi maneno". Wako walezi ambao usiku, wakiwa wamechoka, wamemsukuma mtu asiyeweza kusimama. Wako waliomficha fimbo ya kutembelea ili atulie. Wako waliomwacha kwenye mkojo hadi asubuhi kama adhabu. Hayo nayo yaandikwe kwenye daftari lile.

MLEZI: Yapo. Hakuna mlezi mkweli atakayekana.

MUUGUZI: Ndiyo sababu mlezi apimwe sonona kama mgonjwa. Anapomleta mtu kliniki, Nyakahanga, Isingiro au popote, aulizwe swali lake mwenyewe: wewe unalala?

MLEZI: Akishaulizwa, apewe nini? Tunasikia kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri, rituksimabu. Ni habari njema. Lakini kutoka kwenye orodha ya Geneva hadi kwenye kabati la kituo cha afya cha Kyerwa kuna safari, na mlezi hawezi kumwambia mgonjwa awe mpole mpaka gari hilo lifike.

MUUGUZI: Dawa za kuuzuia ugonjwa zina safari ndefu, kweli. Zile za sonona ziko karibu zaidi. Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za zamani, zinajulikana, na bei yake si ya kutisha. Amitriptilini kwa kiwango kidogo husaidia pia maumivu ya mishipa ya fahamu na usingizi. Zinahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na daktari anayefuatilia. Ushauri nasaha husaidia. Mazoezi ya mwili, asubuhi kwa kipimo, husaidia uchovu na moyo kwa pamoja. Pombe hudhuru: lubisi ya jioni humlegeza mtu saa moja, kisha humharibia usingizi na mwendo.

MWALIMU MWENYE MS: Muuguzi anajua kinachomzuia mgonjwa asizichukue dawa hizo. Karatasi ikiandikwa "afya ya akili", mtaani inasomwa "Mirembe", ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Mtu anajiona tayari yuko kwenye basi la Dodoma. Kwenye ukoo inasomwa "hana akili timamu", na asiye na akili timamu hana kauli juu ya shamba.

MUUGUZI: Sonona si wazimu.

MWALIMU MWENYE MS: Muuguzi anajua. Mwenyekiti wa kitongoji ajue pia.

MLEZI: Basi itangazwe. Mchungaji aseme kanisani, padri aseme, redio za jamii kama FADECO pale Karagwe ziseme kwa saa nzima. Nyumba ikijulikana kwamba ina MS, jirani ataacha kuchungulia na ataanza kubeba ndoo. Hivi sasa mlezi anabeba mambo mawili, mgonjwa na siri. Maombi yamesaidia nyumba nyingi kutulia, hilo lisemwe bila aibu. Lakini watu wanaombea kitu wasichokijua.

MUUGUZI: Waombe, na dawa zisikatwe. Kwenye kutangaza, Kagera ina somo. Watu walipoacha kunong'ona juu ya UKIMWI na kuanza kuutaja, ndipo walipoanza kuhudumiana majumbani.

MWALIMU MWENYE MS: Somo hilo lilikuwa na nusu ya pili. Waliotajwa kabla hawajawa tayari walipoteza nyumba, kazi na wachumba. Redio itangaze ugonjwa. Jina la mgonjwa alitangaze mwenyewe. Mwalimu anayeanguka ubaoni anaweza kuamua kumwambia mwalimu mkuu ili apangiwe vipindi vya asubuhi, kabla ya joto. Huo ni uamuzi wake. Mume akimtangulia kwenda kusema, hata kwa mapenzi, ni butura ya aina nyingine: ameuza kabla haijaiva.

MLEZI: Na mke akinyamaza miaka mitano, mlezi naye anyamaze miaka mitano? Siri hiyo ni ya nani, kama anayeoga matusi ni yeye?

MWALIMU MWENYE MS: Awe na mtu mmoja. Mmoja tu, aliyekubaliwa na wote wawili. Dada, rafiki, muuguzi.

MLEZI: Mmoja ni mchache.

MWALIMU MWENYE MS: Ni mchache. Mgonjwa pia ana mmoja, naye ndiye anayemtukana.

MUUGUZI: Tukiwa bado hatujakubaliana, kuna kitu cha kufanya kesho asubuhi. Uzoefu wa wenye MS kwingine unaonyesha kwamba mwili hutoa ishara kabla ya mlipuko: taya linakaza, sauti za watoto zinaanza kuchoma, mikono inatetemeka. Anayeijua ishara yake anaweza kuondoka kabla, badala ya kuomba radhi baada.

MWALIMU MWENYE MS: Ziko nyumba zinazotumia kanga. Msumari unapigwa juu ya mlango wa chumba. Mgonjwa akiona ishara, anatundika kanga na kufunga mlango. Maana yake inajulikana hadi kwa mtoto wa miaka minne: nusu saa, hakuna anayebisha hodi, hakuna anayeuliza chumvi iko wapi. Nusu saa ikiisha, anatoka, na hapo ana wajibu wa kusema neno moja la kweli: ilikuwa joto, au ilikuwa maumivu, au ilikuwa kahawa. Ikiwa ilikuwa kahawa, mazungumzo yanaanza, na hakuna anayeulizwa kama amemeza dawa.

MLEZI: Na siku ambayo asiyeweza ni mlezi? Yeye atundike nini, koti la mvua?

MWALIMU MWENYE MS: Kanga huuzwa kwa doti, kaka. Kipande cha pili ni chake.

MUUGUZI: Na ndugu wajue maana yake, ili wakikiona waingie jikoni bila kuhoji.

MLEZI: Ndugu wako Bweranyange, mwendo wa bodaboda na giza limeingia. Siku vipande vyote viwili vikining'inia mlangoni kwa pamoja, na maharage yako motoni, watoto watapakuliwa na nani?